Silensa

Motere ya mjomba wangu ni Yamaha ya farasi 15, ile ya zamani ambayo esansi na mafuta yake huchanganywa katika bido moja. Ina silinda mbili na karbiratere moja. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na rangi yake imebaki tu mahali ambapo mikono haifiki. Kwa motere hiyo anabeba ndakala kutoka kambi za wavuvi zilizo kaskazini mwa Kalemie hadi ufukwe ulio karibu na pale Lukuga inapotoka ziwani, na kwa pesa za ndakala hao mimi ninasoma isimu hapa Lubumbashi. Ninasema hili mapema ili msomaji aelewe kwamba kosa nitakalolisimulia halikuwa la daftarini tu.

Mwezi wa nane nilirudi nyumbani na mada ya kazi yangu ya mwisho wa masomo: maneno wanayotumia watu wa Kalemie wanapotengeneza motere za mitumbwi. Mwalimu anayeniongoza alikuwa ameniambia nirekodi kwanza, jedwali litakuja lenyewe. Mimi nilichora jedwali kwanza. Lilikuwa na safu tatu, Kifaransa, Kiswahili sanifu na Kiswahili cha Kalemie, na nililipenda kwa sababu lilikuwa safi. Safu ya kwanza na ya pili nilizijaza hapa hapa Lubumbashi kwa kamusi. Ya tatu niliiacha wazi kwa ajili ya mjomba, kama mtu anayemwekea mgeni kiti.

Kwa mwanafunzi wa isimu ufukwe ule ni shamba lisilo na mwenyewe. Maneno ya Kifaransa yanayoishia kwa -eur yote yameingia kwa njia moja: motere, shofere, karbiratere, flotere, jiklere. Irabu imeongezwa mwishoni ili silabi ibaki wazi, na ile irabu ya Kifaransa tusiyokuwa nayo imekuwa e. Wingi wao ni ma-: mamotere, mabuji, mavisi. Kitu kikiwa kidogo kinapewa ka-, kama ilivyo katika Kiswahili cha Katanga kwa jumla: kavisi, kawaya. Ukivuka ziwa hadi Kigoma, chuma kilekile kinakuwa na jina jingine. Sisi tunasema motere, buji, esansi, karbiratere, visi, turnevisi. Wao wanasema injini, plagi, petroli, kabureta, skrubu, bisibisi. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na ya Wabelgiji kutoka Kabalo ikafika kwetu mwaka 1915. Kwao Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaja; kwetu Wabelgiji wakabaki. Vyuma vikaingia kwa milango miwili, kila mlango na msamiati wake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, ameonyesha jinsi lugha yetu ilivyobebeshwa mahitaji ya utawala na ya kazi za wakoloni. Nilikuwa nimekisoma vizuri na kukipigia mistari. Hakikunisaidia siku ile.

Ugonjwa wa motere ulikuwa mmoja. Ukiifungulia gazi, ilikimbia bila shida. Ukiregeza ili ufike ufukweni, ilikufa. "Haishike ralanti," mjomba alisema. Mtu wa barabarani anaweza kuliona hilo ni jambo dogo, maana gari likizimika linasimama tu. Mtumbwi ukizimikiwa hausimami, unageuka. Motere inayozunguka polepole ndiyo inayoshikilia uso wa mtumbwi mbele ya mawimbi wakati wa kuingia, na katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusini unapovuma, mawimbi ya pale hayasubiri mtu avute kamba mara ya pili.

Visi ya ralanti, ile inayozuia papiyo isifunge kabisa, mjomba alikuwa ameikaza mara tatu. Kila mara motere ilitulia siku moja au mbili, kisha ikarudia tabia yake. Kwa hiyo alikata shauri kwamba shida haiko hapo, na tukafungua karbiratere.

Tuliifungulia chini ya mwembe, juu ya sinia ya kupepetea mchele, ili mavisi yasipotelee mchangani. Katika kikombe cha chini kulikuwa na uchafu wa rangi ya chai na matone ya maji yaliyokaa chini ya esansi, yakibingirika kama risasi za nyavu. Esansi ya barabarani huuzwa katika chupa na mabido ambayo jana yalikuwa na kitu kingine, na maji yakiingia yanashuka chini kabisa, mahali hasa ambapo jiklere inanyonya. Mjomba alizitoa jiklere, akaziinua moja moja kuelekea jua. Tundu lazima lionekane la duara, bila ukingo wa giza. Mimi nikampa kipande cha waya. Aliusukuma mkono wangu. Shaba ya jiklere ni laini, na waya wa chuma unapanua tundu bila wewe kuona. Tangu siku hiyo motere inakunywa zaidi na hakuna visi itakayoirudisha. Akakata uzi wa nailoni wa kuvulia, akaupitisha, akapuliza kwa pompa ya baiskeli, akainua tena kuelekea jua. Flotere aliitikisa sikioni kusikia kama ina esansi ndani. Ncha ya sindano inayofunga njia ya esansi aliipitishia ukucha akitafuta mfereji uliochimbwa na miaka. Kisha akaigeuza karbiratere kichwa chini na kutazama kama flotere imelala sawa na ukingo wa chuma. Hakupima kwa rula. Alipiga jicho moja, kama mama anavyotazama unga katika sufuria.

Baada ya hapo alinionyesha njia ya gazi. Ukizungusha mkono wa usukani, waya unavuta gurudumu dogo. Gurudumu linazungusha sahani ya manyeto ili cheche iwahi, na papo hapo kijiti kinasukuma papiyo ifunguke. Mambo mawili kwa mkono mmoja, na ni lazima yaanze pamoja. Waya ulikuwa umelegea kiasi kwamba robo nzima ya mzunguko wa mkono ilipita bila kitu kuamka upande wa pili. Akaukaza kwa nati mbili, akafunga gazi, akahakikisha kwamba papiyo inarudi hadi mwisho, akafungua yote, akatazama tena. Nilimwambia kwamba papiyo ni kipepeo kwa Kifaransa. Alicheka sana. Alikuwa amelitumia neno hilo kwa miaka bila kujua kwamba kuna mdudu ndani yake.

Muda wote huo mimi nilikuwa ninauliza swali la kitabu: "Mujomba, hii inaitwaka aje?" Naye, kwa kuwa ananipenda, alijibu kila mara. Sasa ninaporudia kusikiliza rekodi ninaona aibu. Nilikuwa na "richesse" katika safu ya Kifaransa, kwa maana ya wingi wa esansi katika hewa, na nilitaka jina lake. Alinyamaza, mimi nikamsaidia: "Utajiri?" Akasema, "Eeh, utajiri." Nikaandika. Dakika mbili baadaye, akiongea na kijana wake wa kazi, alisema kitu hichohicho bila nomino yoyote: "Inakunywa sana." Kinyume chake kilikuwa "iko na njaa." Kwa motere iliyofurika esansi hadi buji zikalowa alisema imelewa. Maji yanayotoka kwa nyuma kuonyesha kwamba pompa ya kupoza inafanya kazi yalikuwa "inakojoa," na isipokojoa unazima hapo hapo. Maarifa yake yote yalikuwa katika vitenzi, na jedwali langu halikuwa na safu ya vitenzi.

Tuliiweka motere katika pipa la maji, tukaiwasha. Ikashika ralanti kama mtoto aliyeshiba. Hata hivyo mjomba hakuiamini. Kando ya visi ya ralanti kuna kavisi kengine, kadogo, kanakopima chakula cha motere inapozunguka polepole, na hako alikaogopa. Katika motere za aina hii mafuta ya kulainisha yanakuja ndani ya esansi yenyewe. Yeye anatia nusu lita katika bido la lita 20. Ukiinyima esansi umeinyima na mafuta, inapata joto, na pistoni inaweza kukwama katika silinda. Alikuwa ameona motere ya jirani ikikwama baada ya mtu mwenye turnevisi na haraka kuigusa. Akaamua kumtumia ujumbe wa sauti yule fundi wa Kigoma aliyemuuzia jointi za karbiratere, amweleze hali.

Jibu lilifika jioni. Nimeliandika kama lilivyo, kwa sababu kosa langu lote limo ndani yake:

"Mzee wangu, hapo silensa yako iko chini mno. Ipandishe kidogo, halafu ile skrubu ya hewa ifungue raundi moja na nusu kutoka mwisho."

Mjomba alisikiliza mara mbili, akanipa simu. "Weye njo mutu ya luga. Silensa ni nini?"

Sikusita hata kidogo. Katika Kifaransa kuna silencieux, bomba la kuzuia kelele za moshi, na katika jedwali langu, safu ya Kiswahili sanifu, nilikuwa nimekwisha andika kwa mkono wangu kwamba silensa ni bomba hilo. Lugha mbili zilishuhudia jambo moja. Tena sentensi ilikubali kabisa. Moshi wa motere hii unatokea chini ya maji, katikati ya elisi. Silensa iko chini mno: moshi unatokea ndani sana, maji yanauzuia, motere inasongwa pumzi na kufa. Ipandishe: inua motere juu ya ubao wa nyuma. Nilimweleza mjomba hivyo, na nilieleza vizuri, kwa utulivu, kama ninavyojibu mtihani wa mdomo. Naye alikuwa amekwisha choka na visi ya ralanti, kwa hiyo sababu mpya ilimfurahisha. Tulikata kibao cha unene wa vidole vinne, tukakiweka chini ya mabano, motere ikapanda. Kavisi ka hewa tulikakaza taratibu hadi mwisho, tukakafungua mzunguko mmoja na nusu. Visi ya ralanti hatukuigusa.

Kesho yake tuliondoka alfajiri, mjomba, kijana wake na mimi mwenye daftari. Kwenda kaskazini upepo ulikuwa mgongoni na kila kitu kilikuwa kizuri. Kambini tulipakia magunia ya ndakala wakavu ya mama mmoja mchuuzi ambaye mjomba amembebea mizigo kwa miaka mingi, naye akapanda pamoja nasi. Wakati wa kurudi tulikuwa tunayakabili mawimbi. Kila mtumbwi ulipopanda juu ya wimbi, elisi ilivuta hewa, motere ikapiga kelele ya juu, na hatukusonga. Mjomba alinitazama mara moja tu. Nilielewa kwamba kibao changu kilikuwa kimeiondoa elisi katika maji yake, lakini katikati ya ziwa hukati kibao kingine.

Ufukwe wetu unatazama mashariki, kwa hiyo mwishoni lazima ugeuke, mawimbi yaje ubavuni, na hapo ndipo unaregeza gazi. Mjomba aliregeza. Motere ikakohoa mara moja, ikafa.

Alivuta kamba mara tano. Mtumbwi ulilala upande mara ya kwanza, ukanyanyuka. Mara ya pili maji yakaingia. Kijana wa mbele alijaribu kutuzuia tusigonge mtumbwi uliofungwa pale, kiganja chake kikachanika hadi kwenye kifundo. Watu waliingia majini hadi kifuani wakatuvuta. Magunia matatu yalikuwa yamekwenda, na ndakala wakavu wakiingiwa na maji hawasubiri uamuzi wa mtu. Yule mama hakupiga kelele. Alikaa juu ya mchanga, akaanza kuhesabu magunia yaliyobaki, akahesabu tena.

Mjomba alimwambia atamlipa matatu yote. Kijana alipelekwa kushonwa. Usiku, baada ya kula, mjomba alikaa nje, nami nikakaa karibu nikingoja kuambiwa. Alisema tu: "Silensa ni nini? Tumuulize mwenyewe."

Asubuhi tuliutelemsha mtumbwi katika maji yaliyotulia, tukaufunga kwa kamba mbili kwenye nguzo, tukatoa kibao. Mjomba akampigia yule fundi wa Kigoma. Hakutumia neno lolote la karbiratere. Aliwasha motere, akaiacha ipate moto, akaingiza gia ya mbele, akaregeza gazi taratibu, na akaishusha simu karibu na kofia ya motere. Ikazunguka, ikazunguka kwa uzito, ikafa.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Hiyo ndiyo silensa sasa, mzee wangu. Huo mzunguko wa chini ukiwa umeachia mafuta. Iko chini, haiwezi kubeba gia."

Silensa ni ralanti. Hakuna zaidi ya hapo. Fundi wa Kigoma alikuwa amesema jambo ambalo mjomba alilijua tangu mwanzo, kwa neno ambalo mjomba hakulijua, na mimi niliyesimama katikati nililifanya jambo jingine kabisa. Huenda neno limepita kutoka kwenye bomba la moshi hadi kwenye utulivu wenyewe, au limetoka katika neno la Kiingereza la ukimya moja kwa moja. Semantiki ya namna hii tumeisoma mwaka wa pili na mifano yake ni mizuri. Yule fundi alianza kucheka aliposikia habari ya kibao. Alipoambiwa kuhusu magunia alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kabla: "Mkishaipandisha inashuka yenyewe?" Mjomba akasema inashuka, baada ya siku mbili. "Basi tazama springi ya skrubu."

Chini ya kichwa cha visi ya ralanti kuna springi ndogo inayoibana ili mtikisiko usiizungushe. Yetu ilikuwa imechoka na kulala kama nyasi. Kila safari motere ilijifungua yenyewe, kidogo kidogo. Tulipata nyingine katika karbiratere mbovu ya pikipiki, ngumu zaidi, mjomba akaifupisha duara moja kwa koleo.

Kisha tukapima upya, ndani ya maji na gia ikiwa imeingia. Hilo la gia ni muhimu kuliko nilivyodhani: katika pipa, bila gia, motere haina mzigo wa elisi, na ralanti iliyopimwa hapo inakudanganya. Mjomba aliongoza kwa sikio na mimi nilishika turnevisi, kwa kuwa vidole vyangu ni vyembamba. Alitaka nisogeze kavisi kwa sehemu ndogo sana, kisha ningoje. Motere haijibu papo hapo. Inachukua sekunde kadhaa kumaliza ilichokwisha kunywa. Nilikaza: mlio ukawa mwepesi, mkali, halafu ikapiga chafya. "Iko na njaa. Rudisha." Nilirudisha, nikaendelea kulegeza: mlio ukawa mzito, wa kusuasua, moshi ukazidi. "Inalewa. Rudisha." Kati ya chafya na ulevi kuna mahali ambapo inazunguka kwa kasi zaidi na kwa usawa, na mjomba hakutaka tubaki hapo hasa. Alitaka tulegeze kidogo sana kuelekea kwenye ulevi, kwa sababu motere yenye njaa kidogo inakuharibia pistoni, na iliyolewa kidogo inakuchafulia buji tu. Tuliishia kwenye mzunguko mmoja na robo tatu.

Hapo nikagundua kwamba hata "skrubu ya hewa" lilikuwa jina la kubahatisha. Kuna karbiratere ambamo kavisi hako kanapima hewa, na ukikakaza motere inapata esansi zaidi. Kuna nyingine ambamo kanapima mchanganyiko wenyewe, na ukikakaza unainyima. Pikipiki ya jirani yetu ni ya kundi la kwanza, motere ya mjomba ni ya pili, na mafundi wa pande zote mbili za ziwa wanasema "ya hewa" kwa zote. Mtu akikuambia "kaza kavisi ka hewa" hajakuambia kitu mpaka ujue ni karbiratere gani. Mjomba hili halimsumbui. Anakaza kidogo, anasikia kama imepiga chafya, basi amejua.

Mwishowe tulikaza visi ya ralanti hadi motere ikabeba gia bila kutetemeka. Mjomba akafungua gazi ghafla, akasikiliza kama itapiga chafya, haikupiga. Akaregeza ghafla, ikashuka, ikayumba, ikashika. Alirudia mara kumi. Mara ya kumi alikuwa anatazama ziwani, si motere.

Niliporudi Lubumbashi nililifungua jedwali. Lilikuwa na maneno 84. Nilisikiliza rekodi zote tangu mwanzo nikitafuta neno moja tu kwa kila mstari: je, mjomba au kijana wake amewahi kulisema akiwa anaongea na mtu mwingine asiye mimi? Maneno 19 hayakuwahi kusemwa. Yalizaliwa na swali langu. "Utajiri" ni mojawapo. Nimeyafuta, na mwalimu anayeniongoza ameniomba niyarudishe katika sura ya njia za utafiti, kama mfano wa kosa. Nitayarudisha, ingawa si kwa furaha.

Tumebishana pia kuhusu safu ya pili. Nilipendekeza tuiondoe kabisa. Yeye anasema Kiswahili sanifu ni daraja, kwamba bila safu hiyo msomaji wa Dar es Salaam hatanielewa. Mimi ninasema nilisimama juu ya daraja hilo na likanipeleka kwenye bomba la moshi. Yeye anasema halikuwa daraja lililokosea; ni mimi niliyeandika neno moja mbele ya maana moja na kufunga mlango. Hapo ananishinda. Kigoma yenyewe silensa ni mambo mawili, na mtu wa kule anajua lipi ni lipi kwa kuwa amesimama mbele ya injini. Tumekubaliana kwamba kila neno litaingia pamoja na sentensi iliyorekodiwa na jina la kazi iliyokuwa inafanyika wakati huo. Kazi itachelewa. Nilipaswa kuitoa mwezi wa tatu. Sasa ni mwezi wa saba, na si kwa sababu ya jedwali tu. Sehemu ya karo iliyokuwa ije mwezi wa kumi ilikwenda kwa yule mama mchuuzi.

Wiki iliyopita mjomba alinitumia ujumbe wa sauti. Hakuna neno ndani yake kwa karibu dakika nzima, motere tu, ikizunguka polepole na gia ikiwa imeingia, na maji yakipiga ubao. Kisha anasema springi ya pikipiki bado inashika, kiganja cha kijana kimepona lakini kidole kimoja hakikunji vizuri, na magunia mawili amekwisha kuyalipa. Limebaki moja.